Uhandisi wa programu haufunzwi kwa imla

Kila mwaka hunikuta jambo lile lile katika somo la uhandisi wa programu ninalofunza chuo kikuu. Mwanafunzi hutaja kwa ufasaha hatua zote za kuunda programu: kukusanya mahitaji, kusanifu, kuandika, kujaribu na kudumisha. Lakini apewapo programu yenye kasoro, huduwaa mbele ya kompyuta.

Kosa si lake pekee. Sisi wahadhiri humweka saa mbili ukumbini akinakili maelezo, kisha tukamwachia kazi ngumu aifanye usiku, asipokuwa na wa kumuuliza.

Ndiyo sababu naunga mkono mtindo wa kupindua darasa. Mtindo huu ulivuma baada ya walimu wawili wa kemia katika shule ya upili huko Colorado, Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, kuanza kurekodi masomo yao mnamo 2007. Mwanafunzi hutazama mhadhara au husoma sura kabla ya kipindi. Wakati wa darasani huwa wa kutenda kazi, mwalimu akiwapo.

Somo letu lauhitaji mno. Mnamo Juni 4, 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliangamia kabla ya dakika moja kutimia tangu iruke, pamoja na setilaiti nne. Programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilikutana na nambari kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, na mitambo ya kuelekeza roketi ikazimika. Kanuni za kujaribu programu zilikuwa zimekwisha kujulikana. Hata hivyo, mitambo hiyo haikuwa imejaribiwa kwa takwimu za safari ya roketi mpya. Kujua kanuni ni jambo moja, kuizoea mikononi ni jingine. Mazoea hayo hujengwa pale mwanafunzi anapoandika, mwenzake akatafuta kasoro, nami nikapita nikiwauliza, "Mmethibitishaje?"

Wako wanaosema kwamba mtindo huu ni hila ya mwalimu mvivu. Nakiri kwamba mhadhiri anayetoa video kisha akatoweka hajapindua darasa, amelitoroka. Ukitumiwa ipasavyo, mtindo huu humwongezea mwalimu kazi.

Hoja nzito zaidi ni ya mwanafunzi asiye na kompyuta wala pesa za kununulia intaneti. Huyo tusimwache nyuma. Vyuo viweke mihadhara katika kompyuta za maktaba, viruhusu inakiliwe bila malipo, na maabara zifunguliwe hadi usiku. Pasipo na video, kurasa chache zilizochapishwa zatosha.

Nanyi wanafunzi, msije darasani mikono mitupu mkitaraji kulishwa. Wahenga walisema, achanikaye kwenye mpini hafi njaa. Mpini wenu ni kibodi. Ushikeni tungali nanyi, msingoje siku ya kuajiriwa.