Leseni Yenye Tusi Nayo Iingie Kamusi Elezo

Makamanda, niko likizo hapa Musoma. Juzi nilimuuliza jamaa yangu wa Bunda anayetengeneza programu: huo msimbo uliouchukua intaneti una leseni gani? Akacheka. "Leseni? Kwani naendesha bodaboda?"

Nilicheka pia, lakini iliniuma. Kwetu leseni ni kitu unachodaiwa na trafiki au afisa biashara. Mwaka 2018 hata mwenye blogu alidaiwa leseni, na ada zake zilizidi shilingi milioni 2. Nani atakumbuka kwamba leseni pia ni ruhusa anayoitoa mtunzi, tena bure?

Ndo maana nasema WTFPL inastahili ukurasa kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Ni leseni ya programu. Toleo lake la pili lilitolewa na Sam Hocevar mwaka 2004. Sharti lake ni moja tu: fanya upendavyo. Jina lake refu lina tusi la Kiingereza, na hapo ndipo wengi wanapogoma. Eti ni utani, si sheria.

Hoja hiyo haisimami. Kamusi elezo haitoi tuzo ya adabu. Inachouliza ni hiki: je, watu wa kuaminika, wasio na maslahi nayo, wameijadili? Free Software Foundation inaitambua kuwa leseni huru. Open Source Initiative iliikataa mwaka 2009. Wakubwa hao wakitofautiana, huo si utani tena. Mimi mwenyewe nisingemshauri mteja aitumie, maana haina kifungu cha kukana dhamana. Basi ukurasa useme na hilo.

Tusipoandika, anayeumia ni nani? Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi za mtunzi, programu za kompyuta zikiwemo, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo, vitabu vya Mwalimu, aliyezikwa Butiama mwaka 1999, vinalindwa hadi 2049. Na msimbo usio na leseni una mwenyewe. Ukimya wake si ruhusa. Jamaa yangu hajui hilo, na siku akishtakiwa, kutojua sheria si utetezi.

Tunadai uhuru wa kusema kila siku. Haya, tuutumie kuandika. Rasimu nimeshaianza, nani ananisaidia kutafuta vyanzo?