Jua la asubuhi si la kila mtoto

Msimu wa mavuno ya mpunga, mama mmoja alikuja kuniona akitokea shambani, Malinyi. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi mitano mwenye ualbino. Masikio na paji la uso la mtoto vilikuwa vyekundu, ngozi ya shingo imeanza kubabuka. Nikamuuliza kulikoni. "Daktari, niliambiwa jua lina vitamini ya mifupa. Kila asubuhi namwanika."

Mama huyu hakukosea kufuata ushauri. Ni sisi wahudumu wa afya tuliozoea kuutoa kwa watoto wote kwa namna moja.

Jua lenyewe halina vitamini. Miale yake fulani, isiyoonekana kwa macho, ikigusa ngozi huanzisha utengenezaji wa vitamini D. Ini na figo humalizia kazi, kisha utumbo huweza kufyonza vizuri kalsiamu iliyo kwenye chakula. Ikipungua sana, mifupa ya mtoto huwa laini, miguu hupinda, vifundo vya mikono huvimba na kutembea huchelewa. Saa moja asubuhi miale hiyo ni michache mno. Simama juani utazame kivuli chako: kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi haijaanza kutengeneza vitamini ya maana. Kwetu kivuli hufupika kuanzia kama saa nne.

Sasa vinasaba. Weusi wa ngozi unatokana na melanini, na kiasi chake tumekirithi. Melanini hutukinga tusiungue, lakini huzuia pia sehemu ya miale hiyo, hivyo mtu mweusi anahitaji muda mrefu zaidi nje. Ndiyo maana Mtanzania aliyehamia Uingereza anaweza kupungukiwa vitamini D wakati wa baridi. Hapa nyumbani hali ni tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima Wamasai na Wahadzabe, ukakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, wakati 50 huhesabiwa na wataalamu wengi kuwa inatosha. Na watu hao hukaa kivulini jua likiwa kali! Kwa hiyo mtoto mweusi anayeshinda akicheza nje hahitaji kuanikwa kama mpunga. Wanaonitia wasiwasi ni watoto njiti na wale wanaofungiwa ndani kwa ugonjwa.

Mtoto mwenye ualbino amerithi kinasaba chenye hitilafu kutoka kwa baba na kwa mama, hata kama wote wawili ni weusi. Wazazi wanaokibeba wote wana uwezekano wa moja kati ya nne katika kila mimba. (Mama yule alikuwa amesemwa sana na mashemeji. Si laana, wala hakutoka nje ya ndoa.) Kwa kuwa melanini ni kidogo, ngozi ya mtoto huyu hutengeneza vitamini D upesi, na huungua upesi vilevile. Madhara hujikusanya mwaka hadi mwaka mpaka saratani ya ngozi, ambayo huwaua wengi wao wangali vijana.

Kwa hiyo yeye asianikwe kabisa. Mvishe kofia pana na nguo za mikono mirefu, na shambani akae chini ya dungu lililoezekwa vizuri. Akishapita miezi sita apakwe mafuta ya kukinga jua. Yapo ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Muulize daktari pia kuhusu matone ya vitamini D, kwa kawaida uniti 400 kwa siku kwa mtoto mchanga.

Kuhusu matege, usiharakishe kulaumu jua. Miguu ya watoto wengi hupinda kidogo hadi miaka 2, kisha hunyooka. Ikizidi hapo, au ukipinda mguu mmoja, mlete apimwe. Wapo wanaokosa kalsiamu kwa kula uji mtupu, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao husaidia. Wapo pia waliorithi ugonjwa unaofanya figo zipoteze fosfeti. Hao hata wakishinda juani mwaka mzima hawaponi.

Mama yule alirudi baada ya wiki mbili. Mtoto alikuwa amevaa kofia ya kitenge aliyoishona mwenyewe, ukingo wake umefika mabegani. Safari hii aliuliza kuhusu macho, nikamwandikia rufaa.