Kipupwe hakistahili pole

Mtumishi akihamishiwa Njombe au Makete, watu humpa pole kwa sababu ya baridi ya Juni hadi Agosti. Naona pole hiyo haina msingi. Nyanda hizo ziko juu, sehemu nyingi zikifikia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na ubaridi wake ndio unaovifaa viazi mviringo, tena pareto huuhitaji ili ichanue. Kubwa zaidi, kipupwe huwarudisha watu nyumbani mapema. Moto wa kuni ukishakolea, viazi huchomwa majivuni, chai ya tangawizi huzunguka, na mzee aliyekuwa kimya mwezi mzima huanza kusimulia. Kwenye joto la Dar es Salaam kila mtu hutafuta upepo wake.

Wapo watakaosema raha hiyo ni ya mwenye blanketi. Hoja hiyo ni nzito: mtoto asiye na sweta hana cha kufurahia, na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Lakini hayo yanadai sweta kwa mtoto, na jiko litolewe nje kabla ya kulala.