Kukataliwa ukimbizi Afrika Kusini: kwa nini "anza tena" ni shauri la hatari

Familia nyingi za Likasi, kuanzia Kikula mpaka Panda, ziko na mutoto ao ndugu Afrika Kusini. Njia inajulikana: Lubumbashi, Kasumbalesa, Zambia, Zimbabwe, kisha biro ya Musina, mahali mutu anaomba apokelewe kama mukimbizi. Akikataliwa, kwenye simu anapewa shauri moja: "Anza tena, tia ombi lingine." Shauri hilo linaweza kuharibu dosiye yote.

Sheria ya wakimbizi ya Afrika Kusini, nambari 130 ya 1998, inaonyesha ngazi. Kwanza afisa anasikiliza mutu. Akisema ombi haliko na msingi, mutu anakata rufaa. Akisema ni uongo, ao haliko na msingi hata kidogo, dosiye inapitiwa na Kamati ya Kudumu ya wakimbizi. Baada ya hapo, ngazi ya wizara imeisha. Hakuna kifungu kinachosema wazi kwamba aliyekataliwa mpaka mwisho anaweza kurudi chini na kuanza upya, na wizara inashika kwamba dosiye iliyofungwa imefungwa.

Kinachobaki ni Korti Kuu. Kwa kawaida jaji hatoi ukimbizi yeye mwenyewe. Anaangalia kama uamuzi ulifuata sheria: mutu alisikilizwa? Mkalimani alielewana naye? Afisa aliangalia hali ya Kongo kweli, ao alinakili barua ya mutu mwingine? Kosa likionekana, mara nyingi dosiye inarudishwa iangaliwe tena.

Lakini sheria ya 2000 juu ya haki ya utawala inataka kesi ifunguliwe bila kukawia, na isipite siku 180. Aliyepoteza muda huo akifuata "ombi la pili" itabidi amuombe jaji amuongezee siku, na jaji anaweza kukataa.

Korti zenyewe hazikufunga kila mlango. Katika 2018, kwenye kesi ya Saidi, Korti ya Katiba ilisema biro lazima iendelee kuongeza karatasi ya muda mpaka kesi ya Korti Kuu iishe. Katika Desemba 2023 ilifuta kanuni iliyohesabu mutu aliyechelewa kuongeza karatasi kuwa ameacha ombi lake.

Shida kubwa iko kwa mutu wa Goma ao Bukavu aliyekataliwa mbele ya 2025. Wakati ule kwao kulikuwa serikali. Katika Januari 2025 M23 waliingia Goma, Februari wakaingia Bukavu. Kifungu cha 2 cha ile sheria kinakataza kurudisha mutu mahali maisha yake yatakuwa hatarini. Kifungu cha 3 kinamutambua pia aliyekimbia uvamizi ao fujo kubwa, hata kama imegusa sehemu moja tu ya inchi. Kwa hiyo sheria inakataza arudishwe, lakini haimuonyeshi mlango wa kupeleka habari mpya. Hapo anahitaji avoka, si shauri la simu.

Na anayetoka Likasi asijaribu kusema anatoka Goma. Uongo ukijulikana, unaharibu hata sehemu ya kweli ya ombi lake.

Familia zinaweza kusaidia zikiwa hapa hapa. Mutu akipigia nyumbani na kusema amekataliwa, aulizwe maswali matatu: barua ni ya nani, afisa ao ngazi ya rufaa? Uliipokea tarehe gani? Sababu gani imeandikwa? Jibu ndilo linaonyesha kama rufaa ingali wazi ao siku 180 zimeanza kuhesabiwa. Msaada wa bure wa sheria kuko: Lawyers for Human Rights iko na biro Musina na Johannesburg, na Scalabrini Centre iko Cape Town. Aende kwao na barua mukononi, mbele siku hazijaisha.