Hisa za AVEC zikikwama ndani ya simu, kitabu cha memba ndicho shahidi

Mabanki yalipofunga milango Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, watu wengi wa Kivu walibaki kutegemea pesa ya simu na AVEC ili kuweka akiba. Sasa kuna vikundi vya AVEC vinavyoacha daftari na kuandika hisa za memba ndani ya programu ya simu. Hiyo si mbaya. Lakini rezo ikikatika, hesabu hazishuki, na siku ya kugawana mama anaambiwa: "Mashini inaonyesha hisa 31, si 40."

Maoni yangu ni haya: mashini isipewe neno la mwisho juu ya jasho la mtu. Karani naye asiruhusiwe kusawazisha hesabu peke yake.

Mara nyingi pesa haijapotea, imeandikwa vibaya. Simu nyingi za Congo zina mifuko miwili, wa franka na wa dola. Anayefungua mmoja tu anaweza kulia bure. Ada ya kutoa pesa nayo inakatwa bila kuandikwa kwenye daftari. Ujumbe ukichelewa, mtu anatuma tena, na mchango mmoja unaingia mara mbili. Kuna pia mchango wa mshikamano, ule wa ugonjwa na msiba: huo si hisa, lakini karani akichoka anauchanganya.

Dawa yake ni uvumilivu. Rudini kwenye mkutano wa mwisho ambao wote mlikubaliana juu ya hesabu. Kutoka hapo, someni mkutano mmoja baada ya mwingine kwa sauti, mkilinganisha programu, mihuri ya kitabu cha kila memba, na namba za ujumbe wa simu. Pale zinapoachana, ndipo kosa lilipo. Msifute kila kitu na kuanza upya kabla ya kupiga picha ya kilichokuwepo.

Hatari kubwa ni kuandika namba ya kuziba pengo ili jumla ilingane. Programu itanyamaza, wote watapiga makofi, lakini kosa limezikwa tu. Atakayelipa ni yule asiyejua kusoma, au yule aliyekimbia vita na hakuwepo mkutanoni.

Ndugu zetu wakimbizi wa ndani wanalijua jambo hili kuliko sisi. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu, kwa sababu mtu mmoja hatoshi kuaminiwa. Basi kwa nini simu iwe ya karani peke yake, na namba yake ya siri aijue yeye tu? Simu inaibiwa, inazimika, inabaki nyuma watu wanapokimbia. Kitabu kidogo kinaingia ndani ya kitenge.

Kwa hiyo wamama na wababa, dai muhuri wako kila mkutano, na utunze kitabu chako wewe mwenyewe. Usifute ujumbe wa pesa. Na anayekuja kukusaidia kutafuta kosa, asikuombe namba yako ya siri. Akiiomba, huyo hatafuti kosa, anatafuta pesa yako.