Kusimulia Upya Si Kuiba, Wasee

Kuna watu wanapenda kusema ati riwaya zinazosimulia upya hadithi za kale ni kopi tu. Ati mwandishi amekosa stori yake akaenda kuokota ya wafu. Mimi nasema huo ni uvivu wa kusoma.

Nyanyako alipokuhadithia Sungura na Fisi, kwani aliitunga yeye? Aliipokea, akaongeza chumvi, Fisi akapewa tabia za jirani yenu mlafi. Na hakuna aliyemwita mwizi.

Swali la maana ni moja: kwenye stori ya kwanza, nani alinyimwa mdomo?

Chukua Circe ya Madeline Miller. Kwa Homer, Circe ni mchawi wa kisiwani anayegeuza wanaume kuwa nguruwe, basi. Miller anamwacha aongee mwenyewe, na ukishasoma vile mabaharia aliowakaribisha walivyomtendea, hao nguruwe huwaonei huruma hata kidogo.

Ama Wide Sargasso Sea ya Jean Rhys, ya 1966. Ndani ya Jane Eyre kuna mke "kichaa" amefungiwa juu darini, na kazi yake ni kupiga kelele usiku. Rhys, aliyezaliwa Dominica, anauliza: huyu mama alitoka wapi, na nani alimfikisha hapo?

Halafu kuna James ya Percival Everett, iliyoshinda Pulitzer 2025. Ni safari ya Huckleberry Finn, lakini sasa msimulizi ni Jim, yule mtumwa. Mbele ya wazungu anaongea kama mjinga ili abaki hai. Akiwa na wenzake, lugha imenyooka. Wewe unayeacha Sheng mlangoni ukiitwa intavyuu utaelewa haraka sana.

Sawa, nakubali ziko mbovu. Kumpa Cinderella simu na kumpeleka Westlands hakutoshi. Hapo umembadilisha nguo, hujampa mdomo.

Lakini ugomvi wangu mkubwa ni na nyinyi mnaozipenda. Orodha zenu ni Ugiriki, Ugiriki, Ugiriki! The Perfect Nine ya Ngũgĩ wa Thiong'o iko wapi? Aliiandika kwanza kwa Gĩkũyũ, kwa mashairi, kisha akaitafsiri mwenyewe. Wote tumesikia kuhusu Gĩkũyũ na Mũmbi. Ngũgĩ anawaweka mbele mabinti zao: wachumba 99 wanakuja, na lazima wathibitishe kwamba wanafaa.

Na Fumo Liyongo je? Kisigino cha Achilles mnakijua, lakini kitovu cha Liyongo mnakisikia siku ya mtihani tu. Shujaa wa Pwani, hauawi kwa chochote ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemdunga ni mwanawe wa kumzaa, kwa kuahidiwa binti ya mfalme. Nataka riwaya ya huyo mtoto, usiku ule kabla hajainua mkono. Nataka na ya huyo binti aliyewekwa kama zawadi. Kuna mtu alimuuliza kama anataka?

Tusipozisimulia sisi, zitabaki maswali ya alama mbili mbili, na watoto wetu watalala na miungu ya watu wengine.

Kwa hivyo anza na hizo nne. Halafu niambie hapa chini: hadithi gani ya kwenu inahitaji kuandikwa upya, na nani aisimulie?