Spea za Bei Rahisi: Tupime Kwanza, Tusimlaumu Fundi



Katika mikutano yetu twasema mara nyingi juu ya mshahara unavyoingia. Leo twataka kusema juu ya mshahara unavyotoka, maana shilingi iliyopotea dukani ni ile ile tuliyoitafuta kwa jasho.

Wengi wetu tuna kigari. Mmoja ana pikapu ya kubeba mboga baada ya zamu, mwingine ana fungu katika matatu pamoja na shemeji zake, mwingine mtoto wake ni fundi wa gereji. Magari haya mengi yaliingia nchini yakiwa yamekwisha tumika ng'ambo, kwa hiyo hayaishi kutaka spea. Basi twashuka Kirinyaga Road hapa Nairobi, ile ambayo wazee wetu waliiita Grogan Road, na pale twaonyeshwa kitu kimoja kwa bei tatu. Hapo ndipo matata yanapoanza.

Mwenzetu mmoja wa kazini alinunua mkanda wa taimingi wa bei ya chini kabisa. Boksi lilikuwa zuri, na jina limepigwa kwa rangi. Mkanda ulikatika baada ya kilomita 6,000. Injini nyingi za Toyota zenye mkanda wa namna hii huagizwa kubadilishwa mkanda kila kilomita 100,000. Injini yake ni ya dizeli; mkanda ukikatika, valvu nyingine hubaki wazi, na pistoni ikipanda huzigonga. Valvu zilipinda. Aliokoa shilingi chache kaunta, akalipa karo ya muhula mzima gereji. Tena, jambo lililotuuma zaidi, alimgeukia kijana aliyefunga mkanda ule, akamnyima ujira wake, akisema amefunga vibaya. Kijana hakuuchagua mkanda. Aliletewa mkononi.

Wako wasemao: "Rahisi ghali, nunua orijino tu." Twasema neno hili ni nusu ya kweli. Kampuni ya magari haitengenezi kila kitu kwa mikono yake. Plagi hutoka katika viwanda kama NGK na Denso. Pistoni na filta hutoka katika viwanda kama Mahle. Viwanda hivyo huuza pia kwa jina lao wenyewe, na mara nyingi bei yake ni chini ya ile ya boksi lenye jina la gari. Basi bei ya chini peke yake si ushahidi wa ubaya. Wala bei ya juu si ushahidi wa uzuri, maana mwenye kuiga boksi huweza kuiga na bei. Kenya ina sheria ya kupinga bidhaa bandia tangu mwaka 2008, nayo ni njema, lakini askari hawezi kusimama kwenye kila kaunta. Ni nani basi atakayeamua? Kipimo.

Hili si geni kwetu. Katika karakana ya reli tulifundishwa kupima kabla ya kufunga. Mbona tukitoka getini twaiacha akili ile ndani, twanunua kwa kutazama rangi ya boksi?

Kwanza, nenda dukani na kifaa cha zamani. Viweke viwili pamoja, uvilinganishe uzito, urefu, matundu na namba iliyopigwa. Tena linganisha namba ya kifaa na namba ya boksi.

Plagi: tazama uzi wake, uwe umekatwa safi. Ncha ya katikati iwe katikati kweli, isiegemee upande. Ile pete ya chini isianguke kwa kuitikisa. Maandishi yakifutika kwa kidole, irudishe.

Filta ya oili: chungulia ndani ya matundu, uone kama iko valvu ya mpira inayozuia oili kurudi chini gari likilala, kwa injini inayoitaka. Ikikosekana, asubuhi injini hugonga kwa muda kabla oili haijapanda. Filta iliyokwisha tumika usiitupe. Ikate kwa msumeno, ukunjue karatasi. Ukiona mikunjo michache, au gundi iliyoachia, umejua oili yako ilikuwa ikipita bila kuchujwa.

Ringi za pistoni: usizifunge moja kwa moja. Ingiza ringi moja ndani ya silinda, uisukume kwa pistoni ikae sawa, kisha pima pengo la ncha zake kwa ile geji ya vijani vyembamba vya chuma. Kwa silinda ya upana wa milimita 80, pengo huwa karibu sehemu 3 za kumi za milimita, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Pengo likiwa dogo mno, ringi ikipata moto ncha zitagongana na kukwaruza silinda. Likiwa kubwa mno, injini itapoteza nguvu na kula oili. Beringi nazo zipimwe unene kwa maikromita, zote, si moja tu.

Mkanda ni mgumu kuujua kwa macho. Kwa kitu ambacho kikikatika huua injini nzima, nunua jina lijulikanalo, kwa mwenye duka anayekubali kuandika risiti yenye namba ya kifaa. Ukitaka kuokoa senti, ziokoe penginepo.

Sasa turudi kwa kijana yule. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika ikiwa mfanya kazi aliiharibu kwa kosa la kusudi. Kufunga spea mbovu uliyopewa na tajiri si kosa la kusudi. Fundi wa jua kali alipwaye kwa kazi moja moja huenda hana karatasi ya kuajiriwa, lakini haki ni ile ile. Sisi tusiokubali kukatwa mshahara kwa kosa la mwingine, twawezaje kumfanyia hivyo mtoto wa mwenzetu? Tukifanya hivyo, tumekuwa matajiri wabaya wadogo wadogo.

Twapendekeza mambo mawili. La kwanza, kila tawi liwe na maikromita moja na geji moja, na baada ya mkutano wa mwezi mafundi wetu wawapimie wanachama spea zao bila malipo. La pili, injini ikifa, kifaa kilichovunjika kitolewe na kukaguliwa mbele ya watu kabla ya mtu ye yote kunyimwa ujira wake.

Mwenzetu yule tumekwisha sema naye. Ameanza kumlipa kijana kidogo kidogo, na safari hii ameleta ringi zake karakana kabla hazijafungwa. Tulizipima, mbili tukazikataa, naye akazirudisha dukani na risiti mkononi.

Umoja ni nguvu.